"Ndiyo" ya Kiswahili, "Yes" ya Kiingereza

Daktari mgeni anapita wodini asubuhi. Anafika kitanda cha tatu, anamgeukia muuguzi na kumuuliza: "You haven't given him the injection?" Muuguzi hajampa mgonjwa sindano, wala hataki kudanganya. Anajibu: "Yes." Daktari anaridhika kwamba sindano imeshatolewa, anahamia kitanda cha nne. Hapo hakuna aliyesema uongo wala aliyesikia vibaya. Mmoja amejibu kwa sarufi ya Kiswahili, mwenzake amesikia kwa sarufi ya Kiingereza, na katikati yao amelala mgonjwa ambaye dawa yake haijatoka.

Kila muhula naufungua kwa mfano huo. Nafundisha Kiingereza jioni, na wanafunzi wangu ni watu wazima wanaotoka kazini: wauguzi, mafundi umeme, makarani, madereva wa magari ya watalii, akina mama wenye maduka ya vitambaa wanaoagiza mzigo nje. Wanakuja na maswali waliyoyabeba tangu shule. Mengi waliwahi kuyauliza, wakachekwa. Mimi pia nilichekwa. Nikiwa kidato cha kwanza nilimuuliza mwalimu kwa nini "furniture" haina wingi ilhali viti na meza vinahesabika. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, somo likaendelea. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, kitabuni, peke yangu.

Tangu nianze kufundisha nimeamini jambo moja, na kila mwaka naliamini zaidi: makosa mengi ya Mswahili katika Kiingereza hayatokani na uzembe. Ni sarufi ya Kiswahili iliyoshikwa barabara na kuvishwa maneno ya Kiingereza. Mtu akionyeshwa kwanza kanuni ya lugha yake mwenyewe, ambayo huitumia bila kuifikiria, ile ya Kiingereza huidaka upesi.

Turudi wodini. Neno "ndiyo" ukilifumua unapata ndi- na -yo: mambo ndiyo hayo, ni kama ulivyosema. Ukiniuliza "Hujala?" nami kweli sijala, nakubaliana na kauli yako: "Ndiyo, sijala." Kiingereza hakishughuliki na kauli ya muulizaji, kinatazama tendo lenyewe. Tendo limefanyika, jibu ni "yes". Halijafanyika, jibu ni "no", hata swali lingekujia limepinduliwa namna gani. Kwa hiyo muuguzi wetu alipaswa kusema, "No, I haven't." Ushauri wangu kwa yeyote anayefanya kazi na wageni, hasa hospitalini, uwanja wa ndege na mahakamani, ni kwamba asijibu swali la kukanusha kwa neno moja. Ataje na kitenzi. "No, I haven't" na "Yes, I have" haziachi nafasi ya kuelewa vibaya.

Waingereza wenyewe zamani walikuwa na maneno manne kwa kazi hii. Swali la kawaida lilijibiwa kwa "yea" au "nay", na swali la kukanusha likawa na majibu yake, "yes" na "no". Mpaka huo ulipoanza kufifia, watu waligombana. Mwaka 1532 Thomas More alimshambulia William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwa makosa mengi, na mojawapo lilikuwa kuandika "no" mahali pa "nay". Wakati huo hao wawili walikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa lugha hiyo, na bado jibu la neno moja liliwatia vitani. Kifaransa kimebaki na kitu kinachofanana na hicho: Mswahili wa Lubumbashi aliyesoma Kifaransa anajua "si", neno la kumpinga mtu aliyeuliza kwa kukanusha. Kiingereza kilikitupa chombo hicho, kikabaki na maneno mawili tu.

Na tukiwa hapo hapo, "bado". "Has he come?" "Still." Nimelisikia jibu hili mara nyingi. "Bado" yetu inasema kwa pamoja kwamba jambo halijatokea na kwamba tunaendelea kulingoja. Kiingereza kimeigawa: "not yet" kwa lisilotokea, "still" kwa linaloendelea. "He is still sleeping." "He has not come yet."

Nyakati za vitenzi ndizo zinazoleta maswali mengi kuliko yote. Kiambishi -na- kwetu kina kazi mbili. "Anauza samaki" ni yule unayemwona sasa hivi na karai lake, na pia ni yule ambaye biashara yake ni samaki, hata kama leo amejipumzikia nyumbani. Kiingereza huwatenganisha: "She is selling fish" na "She sells fish." Mwanafunzi akishaliona hilo huuliza palepale, sasa nitajuaje itumike ipi? Humwambia ajaribu kuweka hu-. "Huuza samaki." "Jua huchomoza mashariki." "Baba hunywa kahawa bila sukari." Sentensi ikikubali hu- bila maana kuharibika, Kiingereza kinataka kitenzi kisicho na "-ing": "The sun rises," "Father drinks." Ikikataa, kwa kuwa jambo linatendeka mbele ya macho, leta "is" na "-ing". Kiambishi hiki hu- shuleni tulikifundishwa kama kitu cha methali, kikaachwa hapo. Kumbe ndicho kinachofungua mlango ambao wengi wanahangaika nao miaka mitano.

Viko vitenzi visivyopenda "-ing": kujua, kuamini, kupenda, kumiliki. "I am knowing him" hutokana moja kwa moja na "ninamjua". Kujua hakuna katikati, ama unamjua mtu ama humjui, wala huwezi kukutwa ukiwa kwenye harakati za kumjua. Hapo kila mwaka hutokea mwanafunzi mmoja makini anayeuliza kuhusu McDonald's, ambao tangu mwaka 2003 wanatangaza vyakula vyao kwa kusema wanapenda, kwa "-ing". Swali zuri sana. Watangazaji hawakukosea. Waliipinda kanuni makusudi ili utamu uonekane unaendelea sasa hivi mdomoni. Kanuni hupindika kwa sababu msikilizaji anaijua iliponyooka. Kwenye mtihani andika "I love it".

Halafu ile "s" ya "he reads". Watu huiona kama adhabu isiyo na sababu. Lakini fikiria: tunasema "Juma anasoma". Juma ameshatajwa, kwa nini tena tunaweka a-? Kwa sababu kitenzi chetu lazima kionyeshe kwamba kinamjua mtendaji wake. "Juma soma" kwetu ni amri, si taarifa. Ile "s" hufanya kazi ya a-, ila imekaa nyuma badala ya mbele. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati vya nafsi mbalimbali, vikaporomoka kimoja kimoja, hiki kikanusurika. Mwanafunzi akielewa kwamba "Juma read" kwa Mwingereza inakwaza sikio kama "Juma soma" inavyolikwaza lake, huacha kuisahau. Na hiyohiyo a- ndiyo inayozaa "My father he is a farmer". Tumezoea nafsi irudiwe kwenye kitenzi, basi tunairudia na kule. Kiambishi a- wala hakiulizi kama mtu ni mume au mke, na ndiyo sababu mama wa mtu hugeuka "he" katikati ya sentensi. Si dharau kwa mama. Ni lugha ambayo haijawahi kuhitaji kujua.

Sasa -me-. Vitabu huiambatanisha na "have": nimekula, "I have eaten". Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kwetu -me- huonyesha pia hali iliyopo baada ya tendo. Amelala. Amesimama. Amevaa shati la bluu. Amekasirika. Mtu akifuata kitabu atasema "He has slept" kwa aliye usingizini, na akienda kutoa maelezo kwa mlinzi wa hoteli atasema mwizi "has worn a blue shirt". Mgeni ataelewa mtu huyo aliwahi kuvaa shati hilo siku moja. Kanuni ninayotoa ni ya macho: kama hali unaiona sasa, jaribu "is" kwanza. Amelala, "is asleep". Amechoka, "is tired". Amevaa, "is wearing". Kimevunjika, "is broken". Amekufa, "is dead".

Zaidi ya hayo, sisi husema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have arrived yesterday". Ukishataja wakati uliokwisha, jana, juzi, mwaka 1998, "have" inatoka, unabaki na "I arrived". Umbo hilo la "have" ni la mambo ambayo mlango wake haujafungwa: "I have arrived", maana yake nipo hapa, nipokeeni. Waamerika wamelegeza kidogo, hukuuliza "Did you eat?" mahali Mwingereza angesema "Have you eaten?", lakini hata wao hawalipeleki jana.

Kiambishi kimoja zaidi, kidogo kuliko vyote, kinaweza kuumiza moyo wa mtu. "Baba akirudi, mwambie." Hiyo -ki- haisemi kama kurudi kwa baba ni hakika au ni bahati. Kiswahili kimeacha hilo kwa muktadha. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "when" kwa lile unalolitegemea, "if" kwa lile lenye shaka. Shuleni tulikaririshwa kwamba -ki- ni "if", na hapo ndipo binti anapomwandikia rafiki yake aliye nje ya nchi, mama akiwa hospitalini kwa matibabu madogo tu: "If my mother comes home, I will call you." Rafiki husoma kwamba mama huenda asirudi. Binti alimaanisha "when". Nawasihi wanafunzi wangu, kila wanapotaka kuandika "if", wajiulize kama wanaweza kuongeza "kama kweli" mbele ya sentensi yao ya Kiswahili. "Kama kweli mama akirudi." Ikiwaogopesha, waandike "when".

Hakuna kinachoulizwa kwa kukata tamaa kama vile vijineno "a" na "the". "Mwalimu, sisi hatuna hivi, tutavijuaje?" Hujibu kwamba tunavyo, ila tunaviweka mahali pengine. "Nimeleta kitabu" ni kitabu chochote. "Nimekileta kitabu" ni kile tulichokubaliana jana, unakijua. Ile -ki- ndogo ndani ya kitenzi imefanya kazi ya "the". Na msikilize bibi anaposimulia hadithi: palikuwa na mzee mmoja. Halafu? Yule mzee akaenda porini. Hakuna bibi atakayeanza na "yule mzee" kabla hajamtambulisha, wala atakayerudia "mzee mmoja" kila sentensi, maana wajukuu wataanza kuhesabu wazee. Mgeni huingia na "mmoja", akishajulikana anaitwa "yule". Hiyo ndiyo historia yenyewe ya Kiingereza. "An" lilitokana na neno la kale lililomaanisha moja, na "the" likatokana na kioneshi, jamaa wa "that". Waingereza walianza kama bibi zetu, kisha mazoea yakawa sheria na maneno yakachakaa hadi kuwa silabi moja.

Kwa hiyo ukiwa na shaka, simulia moyoni kwa Kiswahili. Ungesema "mmoja", au "fulani", weka "a". Ungesema "yule" au "kile", weka "the". Haitamaliza kila kitu. Kwa nini ni "the Indian Ocean" lakini "Lake Victoria"? Hapo sina hoja ya kukupa, ni mazoea, uyashike hivyo. Lakini itakuvusha sehemu kubwa ya njia.

"A" na "an" zenyewe zinafuata sikio, jicho lisikudanganye. "An hour", kwa kuwa "h" haitamkwi. "A university", kwa kuwa inaanza na sauti kama ya "yu". "An MP", "a UN car". Umbo la asili lilikuwa "an", na "n" yake imewahi kuleta kizaazaa: aproni iliitwa "napron", watu wakasikia "a napron" kama "an apron", "n" ikahamia upande wa pili na haikurudi. Kabla hujawashangaa, kumbuka kitabu. Waarabu walituletea "kitāb", ambamo "ki" ni sehemu ya neno lenyewe. Sisi tukaisikia kama kiambishi cha ngeli, tukazaa vitabu. Kwenye mzunguko wa barabara, agizo la Kiingereza la kukaa kushoto likawa kiplefti, na mbili zikawa viplefti. Hakuna aliyekaa kuamua. Sikio la watu lilipanga upya kwa sarufi lililokuwa nayo.

Na ile "furniture"? Kila lugha hukata ulimwengu kwa kisu chake. Kwetu maji ni mengi: maji haya, mafuta haya, maziwa haya, yote yako katika ngeli ya wingi. Mwingereza anayajumlisha yote kuwa kitu kimoja, "this water". Nywele sisi tunazihesabu, unywele na nywele, ndiyo maana tunaandika "her hairs are long"; wao wanaiona kama kitambaa kimoja kichwani, "her hair is long". "Furniture", "luggage", "information", "advice", "equipment" kwao ni majina ya shehena, si ya kipande. Kipande kina jina lake: "a chair", "a bag", "a piece of advice". Ningeambiwa hivyo siku ile kidato cha kwanza, lingechukua dakika mbili.

Yako maneno ambayo Kiswahili kinatusaidia kabisa, na hakuna anayetuambia. "Said me" au "told me"? Kitenzi ambia hakikai bila mtu: ameniambia, tuliwaambia. "Tell" ni hivyohivyo. Sema hujitegemea, kama "say". Badilisha neno kwa neno na hutakosea sana. Mengine yanatukwaza. Kuazima kwetu huenda pande mbili, niliazima kalamu, niazime kalamu, kwa hiyo "borrow me your pen". Kwao anayepokea "borrows" na anayetoa "lends". Kusikia kwetu ni kwa sikio, pua, tumbo na ngozi: nasikia harufu, nasikia njaa, nasikia baridi. Mtu akisema "I am hearing cold" ametafsiri kwa uaminifu. Kiingereza kinamtaka aseme "I smell", "I am hungry", "I feel cold".

Na salamu. Nataka kulitetea neno "pole". Mgeni amejikwaa ngazini, unamwambia "Sorry!" naye anashangaa: "It's not your fault." Amesikia samahani. Lakini chimbuko la "sorry" ni neno la kale lililomaanisha mwenye maumivu, ndugu wa "sore", kidonda. Kwa asili yake lilikuwa karibu sana na pole: naumia nawe. Maana hiyo ipo hai bado katika "I'm sorry to hear that", ambayo ni sahihi kabisa mtu akikueleza msiba au ugonjwa. Anayejikwaa mwulize "Are you all right?" Ila ile pole na kazi, pole na safari, pole na majukumu, sijaona neno la Kiingereza linalotosha, na simlazimishi mwanafunzi atafute. Kadhalika shikamoo. "Kazi njema" ukiitafsiri "Good work" umemsifu mtu kwa kazi ambayo hajaianza. "Umepotea!" ikiwa "You are lost!" itamfanya atoe ramani. Na "I'm coming", huku umempa mgongo unatoka mlangoni, itamwacha amesimama hajui la kufanya. Sema "I'll be right back".

Kuhusu tahajia nitasema machache, kwa kuwa hakuna sarufi ya kuielewa, ni historia tu. William Caxton alianzisha matbaa yake Westminster mwaka 1476. Tahajia ikaanza kugandishwa karatasini wakati irabu ndefu za Kiingereza zikiwa katikati ya kuhama, uhamaji uliochukua karne kadhaa. Kinachosomwa leo mara nyingi ni matamshi ya watu waliokwisha kufa. Ile "k" ya "knife" iliwahi kutamkwa. Ile "b" ya "debt" haikutamkwa. Wasomi waliichomeka ili neno lifanane na Kilatini. Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi kilisanifiwa kuanzia miaka ya 1930, juzi tu, ndiyo maana kinasomeka kama kinavyosemwa.

Matamshi, lakini, yana habari njema. Wanafunzi wengi husema "dis" na "tink" wakiamini ile "th" ni sauti ya Wazungu isiyowezekana. Nawaandikia ubaoni: dhahabu, thamani. Wanayasoma vizuri. Kisha naandika "the" chini ya dhahabu na "think" chini ya thamani. Sauti zote mbili wamekuwa nazo tangu utotoni, zilitufikia kwa Kiarabu. Shida halisi iko kwenye irabu: sisi tunazo tano, Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa takriban 20. Ndiyo sababu "hat", "hut" na "heart" hutoka vinywani mwetu kama neno moja. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kusikiliza, kuiga, kusikiliza tena.

Wanafunzi huuliza pia nani ameamua haya yote. Sisi tunalo BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Kiingereza hakina baraza. Kina kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, kina Noah Webster aliyetoa kamusi kubwa ya Kimarekani mwaka 1828 na kuwaachia Waamerika "color" badala ya "colour", na kina watu waliotunga kanuni kwa ladha zao. Katazo la kumaliza sentensi kwa neno kama "with" au "for" huhusishwa na John Dryden, mshairi aliyewalaumu waandishi wa zamani kwa jambo hilo mwaka 1672. Waingereza wameendelea kumaliza sentensi hivyohivyo mpaka leo. Chagua tahajia moja, ya London au ya Washington, uishike hadi mwisho wa barua.

Lakini kamusi niliyoipenda kuliko zote haikuzaliwa London. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani. Pamoja na wenzake wawili alitengeneza kamusi kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliitoa upya mwaka 1948, na ndiyo mzazi wa ile kamusi nene ya wanafunzi iliyojaa kwenye maktaba zetu. Humo kitenzi kinaelezwa kinafuatwa na nini, na jina linawekewa alama kama linahesabika au la. Mzaliwa wa lugha hahitaji kuambiwa hayo. Yameandikwa kwa sababu kuna mtu aliuliza. Baadaye Michael Swan, mwaka 1980, na Raymond Murphy, mwaka 1985, walitoa vitabu vilivyopangwa kwa kufuata mahali wanafunzi wanapokwama, na vimesambaa dunia nzima. Humo nililikuta jibu la swali langu la kidato cha kwanza, limepewa ukurasa wake.

Mwaka jana dereva mmoja wa watalii alikuja darasani amefadhaika. Aliwaandikia wageni wake kwamba safari ya mbugani ingeanza "at one in the morning". Wageni wakaamka saa saba za usiku, wakakaa ukumbini na mabegi yao kwa saa sita, hadi yeye alipotokea saa moja asubuhi, amenyoa, ana furaha, amewahi. Walimkasirikia, na mwajiri akamkata posho. Aliniuliza kama saa zetu ni makosa.

Nilimwambia aandike "noon" ubaoni. Neno hilo limetoka katika Kilatini, nona, yaani ya tisa. Warumi walihesabu saa tangu mapambazuko, kama sisi, na saa yao ya tisa ilikuwa saa tisa yetu, alasiri ileile. Baadaye, katika Zama za Kati, neno likateleza hadi adhuhuri, na Waingereza wakaanza kuhesabu kutoka usiku wa manane. Ndiyo maana Injili ya Kiswahili inaposimulia kifo cha Yesu inasema saa tisa, sawasawa na maandiko ya kale, wakati tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zinalazimika kuandika saa tatu za alasiri kwa hesabu yao. Dereva alisimama muda mrefu akilitazama lile neno. Siku hizi ratiba zake huandika "7:00 a.m." na pembeni yake "saa 1 asubuhi", zote mbili, moja kwa ajili ya wageni na nyingine kwa ajili ya mpishi anayefunga vyakula vya njiani.